Kiwanja ni cha mume wangu, dagaa ni wangu: nikope kwa jina la nani?

Shangazi mpendwa,

Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Busia upande wa Uganda. Nauza dagaa, huku kwetu tunawaita mukene. Nawanunua Majanji, nawaleta sokoni Busia, na wateja wangu wengi ni akina mama wa ng'ambo, upande wa Kenya, wanaochukua kwa gunia na kwenda kuwapima kwa gorogoro. Kazi hii nimeifanya miaka tisa, na ndiyo iliyomfikisha mtoto wangu mkubwa Senior 5, kidato cha tano, maana mume wangu ni fundi mwashi na kazi zake huja na kukatika.

Shida ilianza msimu wa mvua. Nilikuwa nimechukua mzigo mkubwa, mvua ikapiga mfululizo, dagaa wakaoza pale mchangani kabla hawajakauka. Ada ya shule nayo ilikuwa inangoja. Nikaenda kwa mkopeshaji mmoja hapa mjini, akanipa shilingi 1,500,000 za Uganda kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Akabaki na kitambulisho changu cha taifa, kadi yangu ya ATM na namba yake ya siri. Kila mwezi nampelekea 300,000. Nimeshapeleka mara tano, na kila nikimuuliza ananiambia hiyo ni riba tu, mkopo wenyewe haujaguswa. Mume wangu hajui deni hili.

Sasa nataka kusimama. Nimepiga hesabu kwamba nikipata 6,000,000 nitajenga vichanja vyangu niache kuanika mchangani, nikodi stoo, ninunue kipindi cha giza mitumbwi inapoleta mzigo mwingi, niuze wakati wa mbalamwezi bei ikipanda. Mwezi mzuri, nikitoa nauli, ushuru na kijana wa kubeba, nabaki na kama 600,000. Mwezi mbaya ni 200,000 hivi. Humo ndimo inamotoka ile riba.

Nilikwenda benki. Afisa alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza kama nina ardhi. Nikamwambia tuna kiwanja chenye nyumba. Akauliza agrimenti, ule mkataba wa kiwanja, iko kwa jina la nani. Iko kwa jina la mume wangu peke yake, na mashahidi ni kaka zake na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Basi akaniambia nirudi na mume.

Mume wangu alikataa mwanzoni kwa sababu kaka yake aliwahi kupoteza shamba kwa deni. Sasa amekubali, lakini anataka mkopo uandikwe kwa jina lake, pesa ziingie akaunti yake, kisha anipe mimi kidogo kidogo. Anataka twende benki wiki ijayo. Kwenye chama chetu cha akiba wengine wananiambia nikubali, pesa ni pesa. Mwingine ananishauri nirudi kwa yule mkopeshaji aniongeze. Nifanye nini?

Mama Dagaa, Busia

*

Mama Dagaa mpendwa,

Wiki ijayo usiende benki kukopa. Mwambie mumeo mnahitaji muda wa kujiandaa, kwa sababu ni kweli mnauhitaji. Na kwa yule mkopeshaji usirudi kuongeza hata shilingi moja.

Nimekaa na namba zako na nataka uzione nilivyoziona mimi. Umepeleka 300,000 mara tano, yaani 1,500,000, sawasawa na ulichokopa, na bado unaambiwa mkopo uko palepale. Mwishoni mwa 2024 serikali iliweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji binafsi: asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani 33.6 kwa mwaka. Kwa mkopo wako, asilimia 2.8 ya mwezi wa kwanza ni shilingi 42,000. Kama kila 300,000 uliyopeleka ingetolewa kwanza riba hiyo halali, halafu inayobaki ipunguze deni, leo ungekuwa unadaiwa kama 136,000. Hizo ndizo zingebaki. Rudia hesabu hii na mwanao wa Senior 5, mwezi kwa mwezi, mkiiandika kwenye daftari, kwa sababu utaihitaji.

Kuna jambo la pili, nalo ni kosa zaidi ya hilo la riba. Mkopeshaji haruhusiwi kushika kitambulisho cha taifa, pasipoti, wala kadi ya ATM na namba ya siri kama dhamana. Wakopeshaji binafsi wanaongozwa na sheria ya 2016 ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji, na mamlaka inayowasimamia inaitwa UMRA. Anatakiwa awe na leseni, na leseni hiyo itundikwe pale anapofanyia kazi ili kila mteja aione. Uliiona ukutani kwake? Nenda kwanza kwenye tawi la benki yako uombe kadi izuiwe, ili asiweze kuchota chochote kitakachoingia humo. Kisha tafuta mwanasheria. FIDA Uganda, chama cha wanawake wanasheria kilichoanzishwa 1974, huwasaidia wanawake bila malipo. Wapelekee daftari, mkataba kama ulipewa, na ujumbe wa simu wa kila malipo uliyotuma. Malalamiko yaende UMRA kwa maandishi. Usimwendee mkopeshaji peke yako kumtishia kwa sheria. Nenda na barua, na mtu wa kukusindikiza.

Kitambulisho nakisisitiza kwa sababu bila hicho umefungwa mikono. Huwezi kufungua akaunti mpya, huwezi kusajili laini ya simu, wala hakuna mkopo halali wa jina lako utakaopitishwa. Anayekushikia kitambulisho anahakikisha mlango uliobaki wazi kwako ni wa kwake tu, na ndiyo maana mwenzako wa chama anakuona kama mtu asiye na pa kwenda zaidi ya kuongezewa deni hukohuko.

Sasa mumeo. Lazima umwambie. Najua ni zito, lakini mkopeshaji wa aina hiyo siku moja hutuma vijana nyumbani, na habari ikimfikia kwa njia hiyo atauliza ni mangapi mengine hajui. Mwambie ukiwa umeshika lile daftari, ukiwa na hesabu ya 136,000 mkononi, ili mzungumze juu ya njia ya kutoka na si juu ya aibu peke yake. Mkumbushe pesa zilikwenda wapi: ada ya mtoto wenu. Ukihofia hasira, awepo shangazi yake au mzee mnayemheshimu nyote wawili. Ukihofia kipigo, usizungumze naye mkiwa peke yenu ndani, na uwaambie hilo FIDA mapema.

Mimi simwoni mumeo kuwa adui katika barua hii. Ameona kaka yake akipoteza shamba, na hofu hiyo ni ya kweli. Nakubaliana naye kabisa kwamba kiwanja chenye nyumba ya watoto kisiwekwe rehani kwa biashara ambayo mvua ya wiki moja inaweza kuiangusha. Ninapomkatalia ni pale anaposema mkopo uwe wa jina lake. Wewe ndiye utakayelipa, kwa dagaa zako, lakini sifa ya kulipa itaandikwa kwake. Rekodi ya wakopaji ambayo benki zote huitazama itaonyesha kwamba yeye ni mlipaji mwaminifu, nawe baada ya miaka miwili ukirudi kuomba utaulizwa tena kama una ardhi, kana kwamba hujawahi kukopa. Na pesa zikiingia akaunti yake, siku mtumbwi umefika Majanji na bei iko chini, utakuwa unangoja yeye arudi kutoka saiti. Biashara ya dagaa haingoji hivyo.

Tena ujue, hata yeye hawezi kukuzunguka. Ardhi ya familia, ile mnayoishi na kujikimu kwayo, haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume. Ni sheria ya ardhi ya 1998. Benki ingekuita utie sahihi hata kama mkopo ungekuwa wake. Sahihi hiyo usiitoe kwa sababu umeharakishwa.

Hapa naomba nisikilizwe na benki zetu pia. Mwanamke ana miaka tisa sokoni, ana wateja wa nchi mbili, anajua bei ya gunia kabla jua halijachomoza, halafu swali analoulizwa mapema kabisa ni la ardhi ambayo mila zetu hazikumpa. Linaniuma kila ninapolisoma kwenye barua zenu. Si swali jipya, na wanawake wa nchi hii walianza kulijibu zamani: Finance Trust Bank ya leo ilianza 1984 kama mfuko wa kuwakopesha wanawake waliokosa pa kukopa, na tangu 2013 ni benki kamili. Na tangu 2019 tuna sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwa dhamana: mzigo ulioko stoo, mizani, mashine, mifugo, hata pesa unazodai wateja. Mkopeshaji anaiandikisha kwenye daftari la URSB, ofisi ya serikali ya usajili, na wewe unaendelea kuitumia. Ukirudi benki, uliza wewe mwenyewe: mnapokea dhamana ya mali inayohamishika? Afisa akisema hapana, nenda benki ya pili ukaulize swali hilohilo. Ila wasikuandikie makochi na sufuria za nyumbani. Dhamana iwe ya biashara.

Sasa kiasi. Shilingi 6,000,000 ni nyingi kwa leo. Ukizilipa kwa miezi 12, kila mwezi ni 500,000 kabla hata ya riba, na mwezi wako mbaya una 200,000. Lakini angalia hili. Kuna mpango wa GROW, wa serikali na Benki ya Dunia, wa dola milioni 217, kwa biashara zinazomilikiwa na wanawake. Mikopo yake hupitia benki za kawaida, inaanzia 4,000,000, na riba ni asilimia 10 kwa mwaka. Ukikopa 4,000,000 kwa miezi 18, malipo ya mwezi wa kwanza ni kama 255,000, na yanashuka kila mwezi. Wewe sasa hivi unampa mkopeshaji 300,000 kila mwezi ambazo hazipunguzi kitu. Yaani uwezo wa kulipa mkopo wa heshima tayari unao, ila unakwenda kwa mtu asiyestahili. Ndiyo maana nasema deni lile limalizwe kwanza. Usilipeleke ndani ya mkopo mpya. Mgao wa chama chenu mwisho wa mzunguko ungetosha kufunga hicho kilichobaki kihalali.

Na hizo milioni nne ziende wapi? Kwanza vichanja. Dagaa wa mchangani wengi huishia kuwa chakula cha kuku, na bei yao inajulikana. Waliokauka juu ya kichanja, bila mchanga kwenye meno ya mlaji, ndio mama wa Kenya anawalipia vizuri, na wakati wa mvua ni rahisi kuwafunika turubai ukasubiri jua. Hasara iliyokupeleka kwa mkopeshaji ilianzia mchangani. Stoo na mzigo wa kuhifadhi vifuate, kidogo kidogo, kutokana na faida.

Jambo moja la kupigania kabla ya kusaini ni ratiba ya malipo. Wakopeshaji wengi wa vikundi wanataka kila wiki. Wewe wiki ya mbalamwezi mitumbwi imelala na huna mzigo mpya, na hizo ndizo wiki utakazokwenda kukopa kwa mwingine ili umlipe wa kwanza. Mweleze afisa jinsi ziwa linavyofanya kazi. Omba malipo ya mwezi, na tarehe iwe baada ya siku zako za kuuza. Pili, uliza riba inahesabiwa juu ya nini. Chukua mfano wa mkopo wa 6,000,000 kwa mwaka mmoja, asilimia 2 kwa mwezi. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, riba ni 1,440,000. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua kadiri unavyolipa, ni 780,000. Asilimia ni ileile kwenye tangazo, na tofauti ni ada ya muhula. Mwongozo wa Benki Kuu wa 2011 wa kuwalinda wateja unaitaka benki ikueleze gharama zote kabla hujasaini. Kama maelezo ni ya Kiingereza na huyafuati, sema hivyo, usione haya, wakueleze kwa lugha unayoielewa.

Wakati unangoja kitambulisho kirudi, anza kuifanya biashara ionekane. Hakikisha laini unayopokelea pesa za wateja imesajiliwa kwa jina lako. Wanawake wengi wanatumia laini ya mume au ya mtoto bila kujua kwamba miamala yote hiyo inahesabiwa kwa mwingine. Omba taarifa ya miamala ya mwaka mzima. Kitambulisho kikirudi, andikisha jina la biashara URSB, halafu namba ya mlipa kodi. Hakuna hata moja linalohitaji ruhusa ya mume. Risiti za leseni ya manispaa na ushuru wa soko usizitupe. Na zile karatasi za forodha mpakani, za utaratibu rahisi wa biashara ndogo zisizozidi dola 2,000, kila moja ni ushahidi kwamba siku fulani uliuza mzigo wa kiasi fulani nje ya nchi. Ziweke kwenye faili. Daftari la chama nalo, lile linaloonyesha umeweka akiba na kurudisha mikopo kwa wakati, mwombe katibu akunakilie na kulitia sahihi.

Kama benki zitakuzungusha, kuna UWEP, mpango wa serikali wa kuwakopesha wanawake: wanawake 10 hadi 15 mnaomba pamoja kupitia afisa maendeleo ya jamii wa gombolola, yaani tarafa yenu, na mkirudisha ndani ya miezi 12 hakuna riba, baada ya hapo ni asilimia 5. Chama chenu kinaweza kuwa kundi hilo, mkiaminiana. Ile milioni moja ya muluka (parishi), ya mpango wa serikali wa PDM, imelengwa kaya ambazo bado zinalima kwa kujikimu tu. Usipoteze siku zako kwenye foleni hiyo.

Anza na tawi la benki na FIDA wiki hii. Mumeo mwambie kabla hujapanda gari. Ukishapata karatasi ya masharti kutoka benki yoyote, ficha jina lako, uipige picha, unitumie kabla hujatia sahihi. Nitaisoma nawe mstari kwa mstari.

Shangazi